Mshono Usio Wangu

Wake wengine hugundua kwa harufu ya manukato, wengine kwa ujumbe kwenye simu. Mimi niligundua kwa mshono.

Ilikuwa Jumapili, nafua. Nilichukua suruali ya michezo ya mume wangu, ile ya bluu, nikaigeuza ndani nje ili niisugue vizuri, kidole kikakwama kiunoni. Mtu alikuwa ameipunguza. Alikuwa ameukunja mkanda wa lastiki kwa nyuma na kuushona kwa uzi mnene wa rangi ya majani makavu, mishono mirefu iliyokwenda upogo, na mwishoni fundo kubwa kama kokwa. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, povu linanidondoka viganjani, nikaitazama suruali ile mpaka maji kwenye beseni yakapoa.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaani wananiita Fundi hata wasiojua jina langu. Nimeshona sare za wanafunzi, nimeshona magauni ya maharusi waliokuja wanalia kwamba fundi mwingine amewaharibia kitambaa, na nimewarudishia nguo zao wakatoka wanacheka. Ndani ya nyumba yangu kuna cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme. Na mume wangu, suruali ilipompwaya, alikipeleka kiuno chake kwa mtu mwingine. Angenitukana mbele ya mama yangu mzazi isingeniuma vile.

Uzi wenyewe niliujua. Ni uzi wa gunia, unashonwa kwa shazia, sindano ile nene iliyopinda kidogo kwenye ncha. Na katika maisha ya mume wangu, mtu anayeshika shazia ni mmoja tu.

Nieleze tulikotoka, ili msinione mwendawazimu. Mume wangu ni fundi plasta, mzuri kweli, ukuta aliopiga yeye unaweza kujitazama kama kwenye kioo. Ila alikuwa mlevi. Simaanishi mnywaji wa kuchangamka kwenye sherehe. Namaanisha mtu niliyekuwa namvua viatu akiwa amelala mlangoni, niliyemwombea ruhusa kwa wakubwa wake nikisema ana homa, niliyemnusa mdomo kila aliporudi na kumpekua mifuko kila alipolala. Nililia, nikanuna, nikamwita kaka yake aje kuzungumza naye, nikafunga virago, nikafungua virago. Kila nilipomuuliza kama amekunywa alinijibu, "Niko sawa," kwa sauti laini, ya upole, sauti ambayo mpaka leo nikiisikia mkono unakwenda kupekua mifuko.

Halafu akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akaangukia rundo la mchanga. Daktari alimlaza mpaka mwili ukatulia, akampa dawa, na alipomruhusu akamkabidhi kwa mshauri wa zahanati, mzee mmoja mwembamba aliyewahi kufundisha michezo shuleni. Wagonjwa wake wanamwita Filimbi kwa sababu filimbi inamning'inia shingoni hata akiwa amevaa tai. Filimbi ana kikundi cha watu walioacha pombe. Kila alfajiri wanakimbia. Na wana utaratibu wao: kila mmoja anapewa mwenza, mtu wa mbio zinazolingana na zake, na kiu ikimshika mmoja, awe kazini, awe mezani, anampigia mwenzake na wote wawili wanatoka, wanatembea au wanakimbia mpaka jasho litoke na kiu ipite. Hakuna kuulizana maswali. Unatoka tu.

Mwenza wa mume wangu ni mwanamke. Anashona magunia kwenye ghala la nafaka nyuma ya barabara yetu. Nilimpachika jina la Mama Gunia siku ya kwanza nilipomwona, na sikumaanisha sifa. Ni mrefu, miguu mirefu, mabega kama ya mwanaume, na anapokimbia hatikisiki. Mimi nikipanda ngazi tu ninatafuta pa kushika.

Na mume wangu akaacha pombe. Nilichokiomba kwa machozi miaka yote, nikakikosa, yeye akakipata kwa jozi ya raba. Tumbo likaingia, macho yakawa meupe, akaanza kuimba bafuni. Majirani wakampongeza. Wafanyakazi wenzake wakampongeza. Mimi hakuna aliyenishika hata mkono. Nilimuuguza mtu kwa miaka, na siku aliyopata nafuu akaondoka kwenda kuionyesha afya yake kwa mwanamke mwingine kabla jua halijachomoza. Huo ndio ulikuwa wivu wangu, na siuonei haya. Nilikuwa na wivu na raba. Nilikuwa na wivu na barabara.

Basi Jumapili ile nilisubiri tukae mezani, nikaiweka suruali pembeni ya sahani yake, ikiwa bado mbichi.

"Nani ameipunguza hii?"

Akaitazama suruali, akanitazama mimi. "Mwenza wangu. Ilikuwa inanivuka njiani, nikawa nakimbia nimeishika kwa mkono. Yeye shazia yake huichomeka kwenye kilemba, haiachi."

"Alishona umeivaa au umeivua?"

Kijiko kikasimama hewani. "Jamani, mke wangu."

"Swali langu ni jepesi."

"Nilikuwa nimeivaa. Barabarani, kumekucha, watu wanapita."

"Kwa hiyo alipiga magoti."

"Sasa angekifikiaje kiuno, kwa ngazi?"

Siku nyingine ningecheka. Siku ile niliisogeza suruali karibu zaidi na sahani yake. "Na mimi mwenye cherehani mbili humu ndani, hukuniona?"

Akasukuma chakula upande mmoja wa sahani. "Nikikuletea suruali iliyopwaya utaniuliza kwa nini nimekonda. Halafu utaniuliza kama nimeanza tena. Halafu utanisogelea uninuse."

"Nisikunuse, mimi si mkeo?"

"Ndiyo hivyo," akasema, akaendelea kula.

Kesho yake alikuja wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye hajawahi kuona moto akakosa kuuongezea kuni. Nilikuwa na gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. Hii ni kazi ambayo nusu yake mtu anaifanya amefunga mdomo. Wateja wangu wamenieleza mambo ambayo hata ndugu zao hawayajui, na nadhani ni kwa sababu wananiona pale chini, pini kumi na kitu kwenye midomo, siwezi kushangaa wala kuuliza. Wifi alijaza chai kikombe chake, akasema:

"Wifi yangu, mimi si mtu wa maneno. Lakini mwanaume anayeamka alfajiri bila kuamshwa, anapiga mswaki kabla ya kukimbia? Anampigia mswaki nani, lami?"

Nilitema pini moja moja kwenye kiganja. Kumbe hata mswaki alikuwa anapiga. Hilo sikuwa nimeliona.

Jioni ile nilifumua mshono wa Mama Gunia. Nilitumia wembe, nikaukata uzi ule mnene vipande vipande, nikavitupa jalalani, nikarudi kuvifunika na maganda ili nisivione. Kisha nikakaa kwenye cherehani, nikaipunguza suruali mwenyewe, mshono mwembamba, ulionyooka, wa uzi wa bluu usioonekana. Sikumpima. Kiuno cha mume wangu nilikijua kwa kichwa, nilisema moyoni, tepu ya nini. Nilikanyaga pedali kwa hasira mpaka meza ikatembea.

Asubuhi nikaenda zahanati. Filimbi alinikaribisha kiti, akanisikiliza, filimbi inacheza juu ya tai.

"Nataka mwenza wa mume wangu niwe mimi," nikamwambia.

"Mama, hii si ndoa," akasema. "Mwenza ni mtu wa kumsukuma mwenzake atoke nje wakati mwili unamvuta ndani. Kiu ya pombe haikai. Inakuja, inapanda, inashuka. Ila inapopanda, aliyekaa kitini inamzamisha, aliyesimama inampita. Ndiyo maana tunakimbia. Si kwa ajili ya kuwa na mwili mzuri."

"Mimi nina miguu."

"Miguu unayo. Utaweza kumwona akitetemeka usiseme kitu?"

"Mimi nimemwona akiwa mbaya zaidi ya kutetemeka, mzee."

Akakuna kidevu. Alisema uamuzi ni wa mgonjwa, wala yeye halazimishi mtu. Nikarudi nyumbani na neno hilo. Mume wangu alilisikiliza amesimama, plasta imemkaukia vidoleni, akasema, "Ukitaka uwe wewe, uwe wewe. Nimechoka na vita." Nikamwambia aifute na namba ya simu ya Mama Gunia. Akaifuta mbele ya macho yangu. Nililala usingizi mtamu siku ile.

Alfajiri ya kwanza tulitoka wawili. Nilivaa viatu vya kanisani kwa sababu raba sikuwa nazo. Kufika kona ya duka la vioo pumzi zikanikatika, nikashika ukuta, nikahisi moyo unataka kutokea masikioni. Yeye alisimama, akarudi, akatembea na mimi taratibu, na watu waliokuwa wanafungua maduka wakatusalimia kama tunatoka kuona mgonjwa. Tulifika nyumbani hata kwapa halijamlowa. Lakini niliona fahari. Mume wangu alitembea pembeni yangu asubuhi kweupe, na kila aliyetaka kuona aliona.

Tukaendelea hivyo. Wifi alisema nimeonyesha ukomavu. Mama Gunia nilimwona mara moja kwa mbali anakimbia peke yake upande wa pili wa barabara, akainua mkono, mume wangu akainua wake nusu, akaushusha aliponitazama. Nilifurahi. Kusema kweli nilifurahi mpaka nikanunua kitambaa cha kujishonea gauni.

Ila mume wangu akaacha kuimba bafuni. Akawa anapiga vidole mezani. Usiku anageuka upande huu na ule, shuka linabaki chini. Nikimuuliza, "Kiu imekushika?" ananijibu, "Niko sawa." Nilijifanya sisikii jinsi anavyolitamka.

Jumamosi moja alirudi mchana. Walikuwa wamemaliza nyumba ya tajiri mmoja, na mwenye nyumba kwa furaha akawaletea mafundi kreti la bia. Yeye aliondoka kabla hawajafungua. Alinieleza hayo yote haraka haraka, amekaa kwenye ngazi ya mlango na mwiko wake wa plasta mkononi, na goti lake la kulia lilikuwa linaruka lenyewe.

"Una kiu," nikasema.

"Niko sawa."

"Goti lako linasema vingine."

"Nimekwambia niko sawa, mama."

Nikamwambia avae suruali ya michezo, tutoke. Alivaa. Tulianza vizuri, nikajikaza kisabuni, nikakimbia kweli, lakini yeye siku ile hakuwa mtu wa kutembezwa. Alikuwa na kitu ndani kinachotaka kutoka kwa nguvu, na mimi nilikuwa namshika shati. Kila alipotangulia nilimwita anisubiri. Kila aliponisubiri, alisimama, na kila aliposimama, goti likaanza. Mara ya tatu alisimama kwenye njia panda. Kulia ni njia ya nyumbani. Kushoto kuna baa yenye viti vya plastiki vyekundu, muziki ulikuwa umeshaanza, na watu wawili anaowafahamu walikuwa wamekaa nje.

"Wewe rudi," akasema, kwa ile sauti laini. "Umechoka. Mimi nitakuja sasa hivi."

Sauti ile nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nikaanza kulia pale pale, barabarani, sikujizuia. Na akafanya nilichokuwa nakitaka siku zote: alinishika mabega, akanifuta machozi kwa kiganja, akaanza kunibembeleza, basi mama, basi, nyamaza, usilie. Na alipokuwa ananibembeleza nikayaona macho yake. Yalikuwa yananipita juu ya bega, yameganda kwenye vile viti vyekundu.

"Kwa nini huniambii?" nikamuuliza. "Kwa nini unaweza kumwambia yule, mimi huniambii?"

Akashusha mikono. Alijibu akiwa anatazama kule kule. "Nikikwambia, uso wako unabadilika. Unakuwa kama nimeshakunywa tayari. Basi ninaanza kukutuliza wewe. Nikimaliza kukutuliza, kiu iko pale pale, na mimi sina nguvu tena."

Nilitamani kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, ya miaka mingi, yamepangwa vizuri. Lakini muziki ulikuwa unacheza, na yeye mguu mmoja ulikuwa umeshageukia kushoto. Namba ya simu nilimfutisha mwenyewe. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamvuta, kama mtu anayempeleka mtoto kuchanjwa, nikapita naye njia ya nyuma, na hakuniuliza tunakwenda wapi.

Mama Gunia alikuwa amekaa kwenye mlango wa ghala, gunia la mahindi limesimama katikati ya magoti yake, anashona mdomo wa gunia. Vumbi la nafaka limemjaa kwenye nyusi. Aliponiona alisimama, shazia mkononi, nadhani alifikiri nimekuja kumfanyia fujo. Watu wawili waliokuwa wanapakia magunia waliacha kupakia ili wasikose kitu.

Ninaweza kushona vazi la harusi bila kulala siku mbili, lakini neno moja lilinishinda kulitoa. Lilikwama. Nilimtazama yule mwanamke mrefu, nikamtazama mume wangu ambaye jasho jembamba la baridi lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, nikalitoa.

"Mchukue."

Hakuuliza kitu. Hakusema pole, wala unaona, wala hakunitazama usoni. Alichomeka shazia kwenye kilemba, akapangusa mikono, akamwambia mume wangu, "Mpaka daraja la reli," na alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajamaliza kusema. Mume wangu akamfuata. Waliteremka barabara ya ghala, yeye mbele, mume wangu nyuma, halafu wakawa sambamba. Hawakuongea. Niliwatazama kwa makini, niliwatazama kwa macho ya fundi, nikitafuta ni wapi pameshikana pasipopaswa kushikana. Sikupaona, na bado niliumia, kwa sababu miguu yao ilikuwa inagusa chini kwa pamoja. Nimelala na mtu huyu miaka yote hii, hata kukoroma hatujawahi kupatana.

Nikakaa kwenye kiti chake cha magunia kusubiri. Wapakiaji wakarudi kazini baada ya kuona hakuna fujo. Nililitazama gunia aliloliacha nusu. Kumbe mishono ile niliyoiita mibaya haiendi upogo kwa uzembe. Inapishana makusudi, huku na huku, ili gunia likibinywa uzi uvutike usikatike. Hilo hata mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza analijua, kitambaa kinachovutika hakishonwi kwa mshono ulionyooka. Nikakumbuka nilivyokanyaga ile pedali, moyo ukanipasuka.

Walirudi jua limeshaanza kulegea. Mume wangu alikuwa ameloa kama mtu aliyetumbukia kisimani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishika suruali kiunoni. Mshono wangu mwembamba, usioonekana, ulikuwa umeachia wote. Alikuwa amekimbia mpaka daraja la reli na kurudi akiwa ameshika nguo kwa mkono, na hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la ghala, akainama, akaweka kichwa chini ya maji.

Mama Gunia akakaa juu ya gunia pembeni yangu, anahema kwa pua.

"Mumeo anapumua kama bomba bovu," akasema. "Sijui huwa unalalaje."

Sikutaka kucheka. Mdomo ulicheka wenyewe kidogo, nikaurudisha.

"Siku hizi ulikuwa unakimbia na nani?" nikamuuliza.

"Na nafsi yangu."

"Na kiu ikija?"

Akanyoosha kidole kwenye rundo la magunia yaliyoshonwa, refu kuliko kimo chake. "Nashona." Kisha akapangusa nyusi kwa kilemba. "Dada yangu, unanionea wivu. Nilijua tangu siku ile ya kwanza, umenitazama miguu mpaka nikataka kuificha. Mimi ndiye ninayekuonea wivu wewe. Mimi nilikunywa mpaka nyumba ikahama, mume, watoto, mpaka mapazia. Sasa nikichelewa kurudi hakuna anayenuna. Mumeo tukikimbia akatazama jua, ananiambia, twende haraka, yule atanuna. Ananiudhi kweli."

 Nilikuwa nimezoea kuonewa huruma, kuonewa wivu sikujua mtu anakaaje.

Mume wangu alikuja anadondosha maji, suruali ameishika. Mama Gunia akaitazama ile suruali, mkono ukaenda wenyewe kwenye kilemba, akachomoa shazia, akaitia uzi, akaanza kuinama. Halafu akasita. Akaigeuza shazia, kitako kikaelekea kwangu.

"Mshone wewe," akasema. "Zinapishana hivi, usiuvute sana. Fundo, zungusha mara mbili." Akachukua gunia lake, akalivuta mpaka upande wa pili wa mlango, akatugeuzia mgongo.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la nafaka, nyuma ya mume wangu. Niliukunja mkanda kwa vidole nikitafuta kipimo, na kiuno hakikuwa pale nilipokitegemea. Nilikikosa kwa vidole viwili. Palikuwa na mfupa nisioufahamu, na nyama ngumu mahali palipokuwa na ulaini, na mwanamke yule aliyafahamu haya kabla yangu. Wivu ulinichoma tena, mbichi kabisa, hapo hapo nimepiga magoti. Nikauma uzi uliobaki katikati ya meno ili mikono yote iwe na nafasi, nikaanza.

Mume wangu alisubiri mpaka shazia ilipopita mara ya kwanza. Nilijua anasubiri nimuulize, na anajua atakachonijibu. Lakini nilikuwa na uzi mdomoni.

"Siko sawa," akasema.

Mikono yangu ilisimama. Uso wangu ulibadilika, nina hakika ulibadilika, ila nilikuwa mgongoni kwake na hakuuona. Nikapitisha shazia tena.

"Pale njia panda nilikuwa nimeshaamua," akasema. "Nilikuwa nahesabu tu utachukua muda gani kufika nyumbani." Akavuta pumzi. "Na si leo tu. Siku ile umenunua kitambaa, nilisimama nje ya ile baa mpaka mhudumu akaja kuniuliza nakunywa nini. Sikujua namna ya kukwambia. Ulikuwa umefurahi mno."

Uzi ulikuwa mkali ulimini, una ladha ya vumbi. Nikauuma zaidi. Akaendelea, akaanza na ile siku aliyoanguka kwenye jukwaa, akarudi nyuma zaidi, mambo ambayo niliishi nayo nyumba moja na sikuwahi kuyasikia, na sauti yake haikuwa laini hata kidogo. Mshono ule ungemalizika kwa dakika tatu. Nikashona polepole kuliko nilivyowahi kumshonea mtu yeyote, nikafumua, nikaanza upya, ili asinyamaze.